Moto Upo

Shem alikuwa na mkono mwepesi. Ukiuliza habari zake kwao Malava, hawatakwambia kama ni mrefu au mfupi, mcheshi au mkimya. Wataanza na mkono. Alimvunja taya mpima miwa kwenye mzani wa kiwanda. Alimpasua mdomo shemeji yake siku ya matanga, tena mchungaji akiwa bado ameshika Biblia. Mkewe Roselyne hakuwahi kumgusa hata siku moja, na kila alipolaumiwa alijitetea kwa hilo, kana kwamba kutompiga mkeo ni kazi ya kudai shukrani.

Roselyne ndiye aliyetangulia Dubai. Alikuwa mlinzi katika jumba moja la maduka, akafanya juu chini mpaka akampatia mumewe kazi. Alipompokea uwanja wa ndege hakumkumbatia kwanza. Alimshika mikono yote miwili, akaiinua, akaangalia vifundo vyake kama mtu anayekagua viazi sokoni.

"Baba Judy," alimwambia, "hapa ukipiga mtu ni polisi, na ukitoka polisi ni ndege ya kurudi. Lakini mimi sitangoja ndege. Mtu yeyote utakayemnyooshea mkono, jua umeninyooshea mimi, na siku hiyo tumeachana."

Shem aliapa kwa jina la binti yao Judy, aliyekuwa amebaki kwa nyanya yake. Hakuapa kwa mdomo tu. Alimpenda Roselyne kwa namna iliyomtia hofu, na alijua vizuri kwamba mwanamke yule hatishii asichoweza kutenda. Basi wakaanza maisha nyuma ya pazia, katika chumba walichochangia na wapangaji wengine mtaa wa Naif, na kila jioni kabla ya kula Roselyne alimshika mumewe mkono, akapitisha kidole gumba juu ya vifundo vya ngumi, akiuliza, "Leo je?" Akikuta ngozi haijachubuka, alimpakulia ugali.

Kazi ya Shem ilikuwa kwenye yadi ya kuni, nyuma ya bandari ya Hamriya. Mtu wa Malava akiambiwa kwamba Dubai kuna watu wananunua kuni atacheka mpaka aketi chini, lakini wananunua, tena kwa kugombania. Kuna mahoteli yanayochoma nyama mbele ya wageni, kuna makambi ya jangwani ambako watalii huota moto katika joto ambalo sisi wengine tunalikimbia, na wote hao wanataka kuni zisizotoa moshi wala kulia machozi ya maji. Kuni zilifika kwa majahazi zikiwa mbichi na zimerowa chumvi. Zilipangwa ndani ya tanuri, yaani chumba kikubwa cha bati nene chenye mabomba ya maji ya moto na feni za kusukuma hewa, zikakaushwa humo hadi zigonganapo zilie kama vigae. Maji ya mabomba yalichemshwa na boila, na chakula cha boila kilikuwa mbao zilizosagwa, zile za mapaleti ambayo wafanyabiashara wa Naif na Al Ras huyatupa wakishafungua mizigo. Shem ndiye aliyeilisha boila kwa koleo.

Kwa kuwa boila haikutumia dizeli, kulikuwa na mfuko wa mazingira uliolipa ruzuku kwa kila kipimo cha joto kilichopita kwenye mita. Hapo ndipo akili ya Thamer ilipoharibika. Thamer alikuwa msimamizi tu, ingawa aliwalazimisha watu wamwite arbab, yaani bwana mwenye mali, kana kwamba yadi ni ya baba yake. Aligundua kwamba joto linaingiza pesa kuliko kuni. Tangu siku hiyo boila haikupumzika. Kuni zilizokwisha kukauka ziliachwa humo humo zikaendelea kuokwa, madirisha ya paa yakafunguliwa joto litoke ili jingine liingie, na mita ikawa inazunguka kwa furaha. Ukifikiri vizuri, walikuwa wanapasha joto anga la Dubai mwezi wa Julai. Wizi wa kipumbavu namna hiyo unahitaji mtu mwenye elimu.

Kiswahili chote cha Thamer kilikuwa neno moja, nalo ni moto. Alipita mlangoni akipiga bati kwa kipande cha mpira wa maji, akifoka, "Yalla, moto, moto." Maana yake ongeza mbao. Na Shem alijibu, "Moto upo, arbab." Basi neno likashika yadi nzima. Likawa salamu na mzaha, likawa amri, ukilisikia unatia koleo bila kufikiri.

Ndani ya tanuri alifanya kazi Jamiru, Mganda wa Masaka, mtu mpole mwenye kucheka kwa mabega. Yeye alipanga kuni na kufagia maganda. Kati yake na Shem palikuwa na ukuta wenye tundu la kupitishia mabomba, na kupitia tundu hilo wakawa ndugu. Siku moja Jamiru alitaja moto kwa lugha ya kwao, omuliro, na Shem akachungulia tunduni. Kwao Malava ni omulilo. Walicheka sana. Mtu ametoka Masaka, mwingine Malava, wamekuja kukutana na moto wao uleule penye tundu la bomba. Shem alimsimulia Roselyne jioni ile, naye akacheka pia.

Wakazoea kuitana kwa neno hilo, mpaka Thamer akawasikia. Mtu mwenye la kuficha hudhani kila kicheko kinamhusu. Alimtoa Jamiru nje kwa kumvuta ukosi, akamcharaza kwa ule mpira mgongoni na shingoni, akidai anatukanwa kwa lugha ya vichakani. Mpira ulilia, na Jamiru alijikunja bila kutoa sauti. Shem alisimama na koleo lake. Vidole vilimuuma kwa kukunjwa. Alimwaza Roselyne, akamwaza Judy, akatazama chini.

Thamer alipoondoka, hasira ile haikuwa na pa kwenda. Jamiru alijiinua akasema jambo kwa Kiganda, labda alikuwa anamwita Mungu tu, na Shem akamzaba kofi lililompeleka mpaka kwenye rundo la kuni. Akamwambia kwamba hapa ni Kiswahili tu, na kwamba hataki kulisikia tena lile neno lake litakalowaponza wote.

"Sawa, ndugu yangu," Jamiru alisema, ameshika shavu. "Kiswahili tu."

Aibu ilimpanda Shem palepale, lakini aliimeza. Jioni Roselyne alipitisha kidole juu ya vifundo vya ngumi, akakuta ngozi nzima. Kofi halichubui vifundo. Shem alijiambia kwamba kofi si ngumi, ni kama kuonya tu, akala ugali wake wote.

Halafu ikaja siku ya mgeni. Mfuko wa ruzuku ulikuwa unamtuma mtu aje kuona kama joto linakausha kuni kweli. Thamer aliamka na wazimu. Alifunga madirisha ya paa yaliyokuwa wazi kwa miezi, akaamuru tanuri lionekane limejaa na lina joto linalotakiwa. Kwa kawaida chumba kilipaswa kupoa kabla mtu hajaingia. Thamer alimwingiza Jamiru hivyohivyo, apange kuni haraka, akasukuma mlango, na ili hewa isiufungue tena akatia komeo kwa nje. Akaenda kumpokea mgeni ofisini kwa chai.

Chini ya mabomba yalikuwa maganda na vumbi la mbao lililookwa wiki baada ya wiki, limekauka hata pumzi ingeliwasha. Feni moja ilikuwa na mota inayotema cheche, na kila mtu alilijua hilo. Cheche ilianguka.

Shem alikuwa upande wake, jasho linamwingia machoni, aliposikia sauti ya Jamiru tunduni.

"Moto! Shem, moto!"

Akajua mgeni amefika na Thamer anataka joto lipande. "Moto upo," akajibu, akatia koleo, akatia jingine.

"Ndugu, moto! Moto!"

"Upo, unakuja," Shem alisema, na alicheka, kwa sababu alidhani Jamiru anamwigiza Thamer. Akazungusha swichi ya feni mpaka mwisho. Feni zikaunguruma. Ndani ya tanuri hewa ilipiga yale maganda, na kilichokuwa mwali wa kuzimwa kwa ufagio kikatanda kwenye kuni kavu ukuta hadi ukuta. Shem aliendelea kutia mbao, akingoja mwenzake aongeze mzaha mwingine. Sauti haikuja. Kilichotoka tunduni kilikuwa moshi mweusi, na harufu ambayo haikuwa ya kuni peke yake.

Alizunguka ukuta akiwa na koleo mkononi. Thamer alikuwa amesimama mbele ya mlango wa tanuri, mikono ameitanua, na nyuma yake mgeni wa mfuko ameshika simu mdomoni akiita zimamoto. Bati lilikuwa limeanza kupinda. Thamer alifoka mlango usifunguliwe, hewa ikiingia yadi yote itateketea. Kuhusu hewa alisema kweli, na mpaka leo hilo linaniudhi.

"Jamiru yuko ndani," Shem alisema.

Thamer alimtupia mgeni jicho, kisha akamtazama Shem. "Khalas." Yaani basi, kisha akasema kwa Kiingereza kwamba hakuna mtu ndani.

Ngumi ya kwanza ilimwingia puani, na mfupa ukasikika. Ya pili ilimng'oa meno ya mbele, akaanguka kwa magoti, akakamata miguu ya Shem asipite, na Shem akamkanyaga mkono mpaka ukaachia. Alipiga komeo kwa koleo, likakataa. Akalishika kwa viganja, ngozi ikabaki kwenye chuma, akalivuta likatoka. Mlango ulipofunguka moto ulitoka nje na kumnyonyoa nyusi. Alijitupa chini akatambaa. Jamiru alikuwa amelala ukutani, mdomo ameubandika kwenye tundu la mabomba, shati limeungua likashikana na mgongo, mkono wa kushoto umekunjamana. Shem alimvuta kwa miguu hadi nje, akamlaza mchangani, akamwona kifua kinapanda na kushuka.

Ingeishia hapo, pengine dunia nzima ingekuwa upande wake. Lakini alirudi. Thamer alikuwa anatambaa kuelekea getini akitema damu, na Shem alimfuata akampiga kwa mpini wa koleo mgongoni, mbavuni, tena mbavuni, hata mpini ukavunjika, kisha akampiga mateke. Hakuwa tena na la kuokoa. Alikuwa anapiga sauti yake mwenyewe, ile iliyojibu upo, unakuja. Wapakiaji watatu walimwangusha na kumkalia mpaka polisi walipofika.

Kituoni walimletea mkalimani, Mzee Msellem, mzaliwa wa familia ya Kizanzibari ya zamani, mtu wa kanzu safi na Kiswahili laini. Aliuliza mambo kwa upole, akiyapeleka kwa Kiarabu kwa askari aliyeandika. Walipofika kwenye kelele za Jamiru, mzee alisita.

"Mwanangu, Kiarabu kina neno la moto wenye kuunguza, na kina neno jengine la joto. Mwenzio alitamka lipi?"

"Alisema moto, mzee."

"Ndiyo. Lakini upi?"

Shem alitazama bandeji za viganja vyake. Alielewa kwamba mzee anamfungulia mlango; akisema joto, hana lawama ya kutia mbao. "Ule wa kuunguza," akasema. "Mwambie nilimsikia vizuri, nikajibu upo."

Roselyne alipata ruhusa ya kumwona baada ya siku kadhaa. Walikaa kioo kikiwa katikati, kila mmoja na simu yake sikioni. Alikuwa amevaa sare ya kazi. Alimwambia Jamiru ataishi, ila vidole vya mkono wa kushoto vimekatwa. Thamer naye yu hai, mbavu zimefungwa, na kesi ya mlango inamngoja akiinuka. Shem alianza kuomba radhi kwa kuvunja kiapo, akalia.

"Kwa huyo Thamer sikulaumu," Roselyne alisema. "Ningekuwepo, koleo ningekupa mimi."

Shem aliinua uso. Akajifuta machozi kwa bandeji.

"Nimekaa na Jamiru hospitali," Roselyne akaendelea. "Nilimuuliza, mbona hakukuita kwa lugha yao? Lile neno lenu mlilokuwa mnachekea. Ungelisikia hilo ungekimbia."

Shem alikunja kiganja chenye bandeji.

"Anasema ndilo lililomjia kwanza. Lilikuwa limeshafika mdomoni, akalimeza, akatafuta la Kiswahili. Anasema ulimkataza. Nikamuuliza, alikukataza vipi? Hakutaka kusema. Aligeuza shavu tu."

Roselyne aliinua mkono wake akaukunja ngumi, akauonyesha kwenye kioo upande wa vifundo, pale alipokuwa akipitisha kidole kila jioni. Kisha akaufungua polepole, akaugeuza, akakibandika kiganja kwenye kioo.

"Huku sikuwahi kuangalia," alisema.

Akarudisha simu mahali pake, akachukua kofia yake ya ulinzi mezani, akatoka kwenda zamu.