Kosa Dogo la Kufuli Moja

Kila asubuhi, kabla hajafungua kibanda chake, Fundi hulitikisa kufuli la mlango mara tatu, kisha hurudi hatua moja nyuma na kulitazama kama anamkagua mkwe mtarajiwa. Ni kufuli alilolifunga mwenyewe jana jioni. Hata hivyo haliamini. Miaka ishirini na miwili ya kufungua milango ya watu imemfundisha kwamba kufuli likitikiswa husema ukweli, tofauti na wenye nyumba.

Mwenye nyumba aliyemtia matatani alikuwa mteja wake mzuri tu. Alinunua kwake kufuli kubwa la shaba, akalipachika kwenye mlango wa mpangaji waliyezozana naye, akaenda zake. Mpangaji, mama mshonaji ambaye dawa za mwanawe zilikuwa zimefungiwa ndani, akakimbilia kwa fundi yuleyule. Fundi akabeba msumeno, akalikata kwa dakika nne. Roho ilimuuma kidogo, maana lilikuwa kufuli zuri.

Siku ya tatu akaitwa kituo cha polisi, kwa malalamiko ya mwenye nyumba. Kuharibu mali kwa makusudi, wakamwambia, wakamchukua alama za vidole vyote kumi.

Korido ya mahakama ilikuwa imejaa mawakili ambao hawakusomea uwakili. Wa kwanza wao alikuwa shemeji yake, aliyepata elimu yake yote ya sheria kwa kukalia benchi la korido ile mara mbili.

"Shemeji, kiri yaishe. Kosa lenyewe dogo hivi."

"Na nikisema aliyenituma ndiye anayeishi kile chumba?"

"Sema. Utapewa tarehe. Ukija, hakimu yuko likizo. Ukija tena, faili halionekani. Au umestaafu hatujaambiwa?"

Karani aliposoma shtaka, Fundi akajibu kwamba ni kweli. Hakimu akamuuliza kama ana la kusema kabla ya adhabu. Mshonaji, ambaye angeweza kueleza habari za dawa, alikuwa nje akisubiri kuitwa, na hakuna aliyemwita, kwa sababu aliyekiri hahitaji shahidi. Yote yalikwisha upesi kuliko kukata kufuli. Fundi akalipa faini, na Shemeji akampa mkono wa pongezi kama aliyefaulu mtihani.

"Si nilikwambia? Umeingia, umetoka."

Kweli alitoka. Kilichobaki ndani ni jina lake tu.

Mwaka uliofuata, hospitali aliyoitengenezea vitasa tangu ujana wake ikapata meneja mpya, mpenzi mkubwa wa fomu. Kila fundi wa nje ajaze upya na kuambatisha cheti cha polisi cha tabia njema. Aliyewahi kutiwa hatiani, barua ilisema kwa adabu nyingi, hatakabidhiwa mlango wowote. Hospitali ilikuwa nusu ya kazi za Fundi. Nusu nyingine ilikuwa watu wanaosahau funguo ndani, nao hawasahau kwa ratiba.

Fomu aliijaza mpwa wake, binti wa dada yake, anayesoma chuo na asiyependa maneno mengi. Jina, umri na ujuzi vilikwenda vizuri. Swali la tisa likauliza: umewahi kutiwa hatiani kwa kosa lolote la jinai, kubwa au dogo?

Shemeji, asiyekosekana penye karatasi, akainama kusoma.

"Weka hapana. Lile si kosa la kuhesabiwa."

"Wameandika 'au dogo'," mpwa alisema taratibu. "Na hapa chini wanasema kudanganya kwenye fomu ni kosa."

"Hilo nalo litakuwa dogo."

Fundi hakucheka. Alikuwa ameshika kitasa cha mlango wa wodi ya watoto, alichokuwa amekipaka mafuta tangu asubuhi, na bado hakujua kama atakirudisha yeye au mtu mwingine.

Mpwa akasogeza kalamu hadi kwenye visanduku viwili.

"Mjomba, niweke ndiyo au hapana?"

"Weka ndiyo," Fundi akasema. "Nililikata."