Sufuria Iliyopikiwa Kambare

Harufu ya kambare akikaangwa pale sokoni Gakoromone hunipandisha hasira.

Tuliishi karibu na bwawa, chini kule Embu. Mvua na upepo vilikuwa vimelaza mahindi yetu yote, na maji mekundu ya bwawa yalikuwa yamefurika hadi kwenye nyasi. Mama alijua kambare hufuata minyoo huko. Tukaingia hadi magotini, tukamkumbatia mmoja, akiteleza kama sabuni. Mama akampika kwa nyanya. Nilikuwa na njaa hata nikalamba mwiko.

Baba akarudi, akafunua sufuria. Alikuwa mtu wa mlimani, na kwao samaki ni ndugu wa nyoka.

“Wewe mama, unalisha watoto wangu nyoka?”

Akawamwagia mbwa. Kisha akaitoboa sufuria kwa panga, kwani kwao sufuria iliyopikiwa samaki haipikiwi tena chakula cha watu.

Siku hizi daktari amemkataza baba nyama. Jana alinipigia simu: “Ukikuja, niletee ile samaki ya masharubu. Na usikate kichwa.”

Nimemnunulia. Nitampikia, tena kwa nyanya. Nitampakulia supu ndani ya sufuria niliyoikuta chini ya kitanda cha mama tulipotoka kumzika, tundu la panga likiwa bado wazi.