Kipimo cha Shimo

Jirani yangu anajenga. Juzi lori lilimwaga mchanga wa mtoni mbele ya lango lake, mchanga mbichi, na ile harufu ya maji yaliyolala na mizizi iliyooza ikaingia mpaka jikoni kwangu. Nilifunga dirisha. Watoto waliponiuliza kwa nini, niliwaambia ni vumbi. Ninyi nitawaambia ukweli.

Baba yangu alikuwa mchimba mchanga katika mto mkavu ulio chini ya kijiji chetu, upande wa Kathiani. Alikuwa mtu mrefu, na alikuwa na tabia ya kuimba akila, jambo lililomuudhi Mama kila siku. Yeye na wenzake wawili walichimba katika shamba la Mzee Kyalo, lililopakana na mto. Walikuwa wamekata ukingo wake mpaka pakawa na shimo lenye kuta tatu ndefu, upande wa nne ukiwa wazi ili lori lirudi nyuma na kupakiwa. Nilikuwa na miaka minane ukuta mmoja ulipomwangukia. Wenzake walimfukua kwa majembe, kisha kwa mikono, wakamtoa akiwa ameshakufa.

Siku chache baada ya mazishi, Mzee Kyalo alianza kusema kwamba Baba alikuwa amelewa. Shimo lenyewe, alisema, lilimfika mtu kifuani tu, na mwenye akili zake angetoka. Alimpelekea chifu picha. Ilikuwa imepigwa kutoka juu, saa sita mchana, jua likiwa utosini. Haikuwa na kivuli wala mtu, hata jembe halikuwemo. Shimo lilionekana kama sahani.

Baba hakuwahi kuonja pombe. Mama alikuwa amevumilia mengi wiki ile, lakini hilo lilimshinda. Chifu aliahidi kuja kujionea, hakuja, na Mzee Kyalo akaagiza udongo wa kulifukia shimo. Basi Mama akamwendea Mutinda, aliyekuwa akipiga picha za arusi na za vitambulisho pale sokoni. Mutinda alitaka twende asubuhi, jua likiwa bado chini.

Alilizunguka shimo, kisha akasimama pale mdomoni, upande wa mto.

“Picha ya kutoka juu inadanganya, Mama Mwende,” alisema. “Mimi nitalala hapa chini, ukuta ujaze picha yote. Lakini lazima kuwe na mtu pale ndani, ndio ukubwa ujulikane.”

Mama akaanza kujifunga leso vizuri. “Nitasimama mimi.”

Mutinda alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. “Wewe ni mrefu. Utalifanya lionekane fupi.”

Kisha wote wawili wakanitazama mimi.

Nikiri kwamba nilifurahi. Tangu mazishi hakuna aliyekuwa amenitazama hivyo. Mutinda alisema sweta yangu nyekundu ya shule ilifaa sana, ingeonekana vizuri pale kwenye kivuli. Akalala kifudifudi, shati lake jeupe likigusa mchanga, akaniambia nirudi nyuma, nirudi tena, mpaka mgongo uguse ukuta. Ukuta ulikuwa baridi. Chembe za mchanga zilinidondokea shingoni, zikanitekenya, nami nikatabasamu kama tulivyofunzwa kufanya mbele ya kamera.

“Usicheke, mama,” alisema Mutinda kwa upole. “Angalia juu.”

Niliinua macho. Ukuta ulikuwa umeniinamia, mizizi ikining'inia, na mbingu ilikuwa imebaki ukanda mwembamba. Kamera ikalia. Mutinda akasogea kidogo apige nyingine.

“Moja inatosha,” Mama alisema.

“Mama Mwende, ya pili ni ya akiba.”

“Nimesema moja inatosha.”

Aliingia mbio, akanikamata mkono, akanivuta nje kwa nguvu hadi nikalia. Nilidhani nimeiharibu picha.

Barazani, picha ile ilipita mkono kwa mkono. Nilikuwa mdogo kama kuku chini ya ukuta ule. Mzee Kyalo aliitazama, akasema taratibu, “Huyo ni mtoto. Wekeni mtu mzima hapo muone.” Chifu alimuuliza ni nani alimwona Baba akinywa. Alisema aliambiwa na watu. Watu gani, hakuweza kusema. Akaamriwa aliondoe neno lake mbele ya wote, akaliondoa harakaharaka, kofia mkononi. Shimo lilifukiwa. Kabla ya mwaka kwisha lilichimbwa lingine, juu kidogo ya mto, na wenzake Baba wawili walikuwa humo wakichimba.

Mwaka jana nilikwenda kumsalimia Mama. Tulikuwa tukichagua maharagwe, nikamuuliza kama ukuta ule ungeweza kuanguka tena siku ile ya picha. Hakuinua macho.

“Baba yako aliniambia mara nyingi,” alisema. “Mchanga ukianza kudondoka chembe chembe, usimalizie kuchota. Toka.”

“Mwaitu,” nikamwita Mama kwa Kikamba, “uliuona ukidondoka?”

“Niliuona kwenye sweta yako, kabla Mutinda hajapiga picha.” Akatupa kokoto moja pembeni. “Nikamwacha apige.”

Miaka yote hiyo niliamini kwamba alinivuta kwa hasira. Mzee Kyalo naye, aliyemsingizia marehemu, alisema kweli kuhusu ile picha: nilisimamishwa pale kwa sababu nilikuwa mfupi. Na kati ya kuziona zile chembe na mlio wa kamera, Mama alichagua jina la mumewe. Mlio ulipopita, akanichagua mimi.

Simlaumu, na sijui mimi ningefanya nini. Lakini binti yangu sasa ana miaka minane, na tangu siku ile ya maharagwe, akienda kwa nyanya yake, huwa naenda naye.