Jino la Muhogo

Niseme bila kuzunguka: binamu yangu nilimwonea wivu hata kwa namna alivyomenya muhogo.

Ni mtoto wa mjomba wangu. Alitoka Mboko akaja kukaa kwetu mjini Baraka ili tusome shule pamoja. Baba yangu ni mwalimu, nami nililelewa kushika kitabu, kisu niwaachie wengine. Binamu alimenya mihogo ya mama yake tangu utotoni. Hilo halikunisumbua mpaka siku nilipomwambia kwamba nataka kusomea udaktari wa meno. Akasema naye anataka. Tangu lini? Kesho yake alishaazima daftari langu la biolojia!

Shule ya meno iko mbali, safari ya siku mbili, na haipokei mtu kwa pointi peke yake. Ilitaka barua ya daktari wa meno, na pamoja na barua, jino ulilochonga kwa mkono wako, waone kama vidole vyako vina akili. Kliniki yetu ina daktari mmoja tu wa meno, mama mkavu wa maneno, naye alitwambia mapema kwamba kwa mwaka anaandika barua moja, kwa mwenye jino zuri zaidi. Mmoja wetu angeenda, mwingine angebaki.

Basi tukaanza kuchonga. Wengine huchonga sabuni, lakini mama angetutoa roho tungemharibia sabuni zake, na muhogo ulikuwa tele jikoni. Kila jioni, kabla ya kula bukari, tulikaa mlangoni kila mtu na kisu chake. Mimi nilijua sehemu zote za jino, kwa Kifaransa, bila kufungua kitabu. Meno niliyochonga yalifanana na tangawizi. Yake, ungeweza kutafunia nyama.

Tukimaliza kuchonga tulikaguana vinywa kwa tochi ya simu, tujizoeze. Chake kilikuwa na meno mazima yote. Nilitafuta hata kajino kabovu kamoja, wapi! Yeye akinikagua mimi alikawia. Nina gego la juu, la mwisho kabisa, lililovunjika pembe siku nilipouma kijiwe kwenye maharagwe. Alinigeuza kichwa huku na huku mpaka shingo ikaniuma, akisema tu ningoje kidogo. Nilidhani ananicheka moyoni.

Asubuhi ya kupeleka meno kliniki, alikwenda kuchota maji. Jino lake lilikuwa dirishani, ndani ya kikombe cha maji lisigeuke rangi. Nikalitoa. Mizizi ilikuwa mitatu, ile ile ya kwenye kitabu changu, lakini juu pembe moja ilikuwa imekatika. Nikafurahi, amelivunja! Halafu nikaona kwamba hata huko kuvunjika kumechongwa, taratibu, kwa makusudi. Roho iliniuma mpaka nikasikia joto masikioni. Nikatia langu ndani ya kikombe, nikachukua lake. Mungu anisamehe, sikutetemeka. Nilikwenda kliniki mbio mbio, kama mtu mwenye haki yake.

Mama daktari aliligeuza lile jino kwenye mwanga kwa muda mrefu. Akauliza nani alinifundisha. Nikamjibu kwamba nilijifunza mwenyewe. Akaniambia nikae kwenye kiti, nifungue kinywa, nami nikadhani ni sehemu ya mtihani. Akaingiza kioo chake kidogo, akatazama ndani, akatazama lile jino kiganjani mwake, akatazama ndani tena.

"Hii iko jino yako," akasema. "Ile ya nyuma kabisa. We mwenyewe hauwezi kuiona. Ni nani anakuangaliaka hivi?"

Kioo kilikuwa bado kinywani, hata kudanganya sikuweza. Alipokitoa nilimweleza ni binamu yangu. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema nikamwite, afike kabla ya saa sita, barua itakuwa yake.

Njiani nilifikiri kupoteza muda mpaka saa sita ipite. Nisifiche. Nilisimama sokoni kwa bamama wanaouza ndagala, nikauliza bei ya samaki nisiowataka, nikauliza tena kwa mwingine. Bamama hao wakaanza kunishangaa. Ndipo nikaenda nyumbani, saa sita haijafika.

Nilimkuta mlangoni, penye mwanga. Ile tangawizi yangu ilikuwa imewekwa kando, na mkononi alishika kipande kipya cha muhogo, ameshaanza kukichonga. Basi alikwisha kujua. Nikamwambia anaitwa kliniki, barua ni yake, jino lake mimi ndiye niliyelipeleka. Nilitaka anitukane, tuwe sawa. Akapangusa kisu kwenye kitenge chake, akaokota simu na kuwasha tochi.

"Fungua kinywa, yaya," akasema, maana mimi ndiye mkubwa wake. "Ile ya kwanza, pembe sikuiweka muzuri."

Nikamfungulia. Wivu ulikuwa bado umenikaa kooni pale pale. Kama aliuona, hakusema.