Trei ya Skonzi Juu ya Kiti

Mimi nalipwa kusoma lebo. Kazi yangu, kule kwenye ghala la dawa Eagan, hapa Minnesota, ni kuhakikisha kwamba kilichoandikwa nje ya chupa ndicho kilichomo ndani ya chupa. Nikipitiwa mimi, mgonjwa wa presha anakunywa dawa ya mafua. Sijawahi kupitiwa. Bosi hunisifia mbele za watu, nami huinamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao kwa kweli sina.

Nyumbani ndiko ninakokosea.

Miaka minne iliyopita mama wa rafiki yangu alikuja kutoka Upareni kumtembelea mwanawe, nikawaalika chakula cha mchana hapa kwangu, mji wa Crystal. Rafiki huyu, mwanamke mwenzangu, nimemjua tangu tukiwa wanafunzi. Tulikaa chumba kimoja miaka mitatu, tukiazimana koti la baridi kwa zamu kwa sababu lilikuwa moja tu la maana. Yeye ni Mpare na Mwislamu, mimi ni Mchaga na Mlutheri, na kwa wasiojua, Mchaga na Mpare ni watani. Maana yake tuna ruhusa ya kutukanana, tena ni wajibu. Mimi humwambia Mpare yuko radhi auze ng'ombe aweke wakili wa kumdai jirani kuku. Yeye huniambia nikizimia hataita gari la wagonjwa, atadondosha sarafu karibu na sikio langu aone kama nitaamka. Tumeishi hivyo miaka na miaka kwa raha zetu.

Basi, siku hiyo maharage yaligoma kuiva. Wageni wameshavua viatu, bibi mgeni ameshakaa sebuleni anauliza habari za theluji, na maharage yangu bado yanagonga sufuria. Nikachukua kopo la maharage ya dukani, nikalimimina humo humo, nikaongeza vitunguu na tangawizi, nikakoroga. Sikusoma kopo. Mimi, ambaye kutwa nasoma chupa za watu wazima na watoto wao!

Bibi alikula, akaongeza, akaongeza tena. Alisema tangu atue Amerika hajala maharage matamu namna ile. Rafiki yangu alikuwa akinisaidia kurudisha vyombo jikoni, akaliona kopo kwenye ndoo ya taka, akaliokota. Liliandikwa kwa herufi ndogo kabisa: maharage, maji, sukari, mafuta ya nguruwe. Akalisoma. Akalirudisha taratibu, akanawa mikono kwa sabuni, akafunga bomba.

"Usimwambie," akasema. "Mama hakujua, hana dhambi. Anayejua ni mimi."

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Ningelia, angelia, yangeisha. Badala yake alianza kushiba. Kuanzia siku ile kila nikimwekea sahani ananiambia, "Nimeshiba, dada, ahsante." Ameshiba Krismasi, ameshiba kipaimara cha mwanangu. Baba yangu alipofariki alilala kwangu siku tatu, akaosha vyombo vyangu vyote, akawapokea waombolezaji wote, na chai akanywa kutoka chupa yake aliyokuja nayo kwenye mkoba. Kila mara anakisifu chakula ambacho hajakigusa. "Kimependeza, dada, Mungu akubariki mikono." Dada! Utani uliyeyuka wote, ikabaki heshima tupu. Nawaambieni, adabu ile iliniuma kuliko tusi lolote alilowahi kunitukana.

Na ili nisisahau, bibi kule Upareni akawa anatuma ujumbe wa sauti. "Mwambie yule Mchaga maharage yake nayaota mpaka leo. Anielekeze anavyoyapika." Rafiki yangu ananisikilizisha, kwa kuwa ametumwa na mama yake na hawezi kuacha kufikisha salamu. Anashika simu katikati yetu, uso umemkauka, mimi natazama dirishani. Ikiisha anasema, "Haya, salamu zimefika."

Mwaka huu binti yangu akamaliza sekondari. Huku mtoto akimaliza shule mzazi anafungua gereji, anatoa gari nje, anapanga meza na picha za mtoto tangu hana meno, na watu wanakuja na kuondoka watakavyo. Nikamwambia binti nitapika pilau ya mbuzi. Akanijibu kwa Kiingereza, kwa upole wanaotumia wauguzi kwa wazee, kwamba siku hii ni yake na anaomba slaida. Nilidhani anataka vile viatu vya wazi vya kutumbukiza miguu, nikamwambia viatu atanunua baba yake. Akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe ni mikate midogo yenye nyama na jibini ndani, inaokwa trei nzima kwa mara moja ili kulisha umati. Akanionyesha picha kwenye simu. Nikaiangalia vizuri, nikasema, "Mbona hizi ni skonzi?"

Ni skonzi kabisa, zile zile laini za kunywea chai, ila zimeshikana kumi na mbili kwenye pakiti na huruhusiwi kuzitenganisha. Unakata bonge zima katikati kwa ubapa, nusu ya chini unailaza kwenye trei, unapanga nyama iliyokatwa nyembamba, jibini, matango ya siki, unafunika na nusu ya juu. Kisha unapaka siagi iliyoyeyushwa na haradali na kitunguu, unanyunyiza ufuta, unafunika kwa foili, unatia kwenye oveni. Mtoto wa darasa la tatu anaweza. Nikaona aibu kwamba miaka yote hii nakesha na mbuzi.

Hapo ndipo wazo lilipoingia. Chakula chepesi hivi, kisicho na kopo, kisicho na siri. Nikamwambia mume wangu, "Safari hii atakula, asipokula nahamia Wisconsin." Mume wangu akauliza kama na yeye atahama au atabaki na nyumba.

Wacha nieleze nilivyojiandaa, maana watu wanafikiri natia chumvi. Nilinunua trei mpya tatu, kisu kipya, ubao mpya, brashi mpya ya siagi. Nyama ya ng'ombe na ya bata mzinga nilinunua kwenye bucha la Wasomali, nikamsimamia muuzaji anapokata hadi akaniuliza kama mimi ni mtu wa afya. Skonzi nilizisoma pakiti nzima, miwani puani, katikati ya duka, watu wananizunguka na vigari vyao. Jibini ilikuwa na kimeng'enya, kile cha kugandisha maziwa. Cha mnyama gani? Pakiti haikusema. Nikapiga namba iliyoandikwa nyuma, msichana akaniambia nisubiri, akarudi akasema kinatokana na mimea. Nikamwambia arudie. Akarudia. Haradali nikasoma, matango nikasoma, ufuta nikausoma, ingawa ufuta hauna cha kusoma zaidi ya ufuta. Na pakiti zote nikazihifadhi kwenye mfuko wa plastiki chini ya sinki. Mpare anataka ushahidi, nami niliuweka tayari.

Siku yenyewe Wamarekani walifika saa nane kamili, kama kadi ilivyosema. Walikula, wakamkumbatia binti, wakasifu skonzi, na baada ya dakika arobaini wakashika njia. Trei mbili zikaisha. Ya tatu nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya Waswahili, ambao nao walianza kuingia wakati majirani wa mwisho wanaaga, wametulia kabisa, hata kuomba radhi hawaombi. Rafiki yangu alifika kutoka Saint Louis Park, mji wa karibu, amevaa baibui la kijani na zawadi mkononi. "Hongera, dada. Mmependeza." Akachukua sahani, akaweka zabibu nne. Hiyo huwa sahani yake ya kuzungukia, ili watu wasimuulize.

Nikatoa trei ya tatu kwenye oveni. Ilikuwa imeiva vizuri, jibini imetiririka pembeni, harufu ya siagi hadi barabarani. Mume wangu alishaungua vidole asubuhi kwa kushika trei bila kitambaa, na mwanaume akiungua kidole nyumba nzima inauguza. Kwa hiyo kabla ya kumpa aipeleke gereji nilichukua kalamu nzito nikaandika juu ya foili, kwa herufi kubwa zisizokosewa: MOTO.

Mkono huu huu unaolipwa kwa ajili ya lebo.

Mume wangu akaibeba kwa taulo. Meza zilikuwa zimejaa keki, matikiti na picha za mtoto bila meno. Akatafuta pa kuiweka, akakosa, akaona kiti kimoja cha kukunja kiko wazi, akaiweka juu yake. Mimi nikafuata nyuma na sahani za karatasi.

Kuna baba mmoja wa Mbeya, mwenzetu wa kwaya, ambaye hajawahi kuona jambo akanyamaza. Akakitazama kiti. Akaisoma foili. Akanyoosha kidole chini, halafu juu.

"Jamani! Kiti... moto! Leo tumekumbukwa!"

Kwa wasio wa kwetu: Tanzania, kitimoto ni nyama ya nguruwe. Ndilo jina lake baa na mtaani, kila mtu analijua, hata asiyeila. Gereji nzima ikaangua kicheko. Wakristo wa kwetu wakainuka na sahani zao, wakasogea kwa furaha isiyo na soni. Waislamu wa kwetu wakasogea upande wa matikiti, taratibu, bila kumkera mtu. Na rafiki yangu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwenye kiti, na zabibu zake nne. Akaiangalia foili. Akaniangalia mimi. Nilimwona anafungua mdomo, na nilijua neno linalokuja.

"Usiniambie umeshiba!" nikapiga kelele.

Mimi nikipandwa na hasira sioni mbele. Nikamwambia baba wa Mbeya afunge mdomo wake, nikamwambia mume wangu kwamba dunia nzima watu huweka chakula mezani, nikakimbilia jikoni, nikarudi na mfuko wa plastiki, nikaumwaga juu ya meza katikati ya picha za mwanangu. Pakiti za skonzi. Karatasi ya bucha yenye muhuri wa halali. Jibini, haradali, matango, ufuta. "Soma!" nikasema. "Hakuna nguruwe humu, hakuna mafuta yake, hakuna hata jirani yake. Trei mpya, kisu kipya. Nimepiga simu mpaka kiwandani kuuliza kimeng'enya! Mimi nimeandika moto kwa sababu ni ya moto!" Binti yangu akaninong'oneza kwa Kiingereza kwamba anakufa kwa aibu, nami nikamwambia asubiri kidogo.

Rafiki yangu aliweka sahani ya zabibu chini. Akafungua mkoba, akatoa miwani, akaifuta na ncha ya mtandio. Akaanza kusoma, pakiti moja baada ya nyingine, midomo ikichezacheza. Hakuruka hata moja. Karatasi ya bucha aliigeuza pande zote mbili. Baba wa Mbeya alikuwa ameacha kutafuna. Alipofika kwenye ufuta akaniangalia juu ya miwani.

"Na huu wa nini?"

"Soma tu."

Akausoma. Akavua miwani, akairudisha kwenye mkoba, akaufunga mkoba. Kisha akafunua foili yangu yenye laana, akachomoa skonzi moja ya pembeni, akasema bismillah, akauma.

Alitafuna muda mrefu sana.

"Tamu mno," akasema hatimaye. "Mkate una sukari. Siagi nayo chapwa, hakuna chumvi hata punje." Akameza. "Wachaga! Hata chumvi mnabania?"

Mtu huyu alikuwa amesifu vyakula vyangu miaka minne bila kuvionja. Sasa ameonja, na amekiponda chakula changu mbele ya kanisa na msikiti. Nilifurahi mno. Nililia pale pale, makamasi na yote, jirani aliyesahau mwavuli wake akarudi akanikuta hivyo akaondoka bila mwavuli.

"Unalia nini, Mchaga wewe?"

"Ulinifungulia kesi bila kunipeleka mahakamani," nikamwambia. "Miaka minne niko rumande."

"Kosa ulikuwa nalo."

"Nilikuwa nalo. Nisamehe."

Akatikisa kichwa kukubali, mara moja tu, na macho yake nayo yalikuwa yamelowa. Nikamuuliza, kwa sauti ya chini sasa, mama akituma tena salamu za maharage atamwambia nini.

"Nitamwambia ukweli. Kwamba Mchaga ameacha kupika maharage, siku hizi anauza keki za nyama."

Tulicheka mpaka akanishika bega asianguke. Halafu akainua trei kwenye kile kiti kwa taulo, akaniwekea mikononi mitupu, nikaungua, akaketi yeye.

"Kumbe kweli kina moto," akasema, akijiweka sawa. Akaninyooshea sahani. "Ongeza."