Kinu cha Ubaoni

Kila asubuhi, kabla hata ya kuitikia shikamoo za watoto, mwalimu wa darasa la kwanza alichora kinu ubaoni. Hakuwa mtu wa kukaa. Alizunguka baina ya madawati akialisha vidole ta! ta!, vumbi la chaki limempanda mpaka kwenye kofia, akiuliza kwa sauti ya chini kama mwenye safari: "Nimetia mbili, imetoka tano. Nimetia tatu, imetoka saba. Humo ndani kuna nini?" Watoto wakikosea, husema, "Twanga tena," na kuendelea kuzunguka. Siku hiyo Mwamini ndiye aliyeng'amua: "Namba inawekewa nyingine kama yenyewe, halafu moja juu."

Mwalimu mkuu alikwisha kumwonya: mkaguzi akija akute watoto wanaimba jedwali la kuzidisha, la sivyo kazi hana. Mkaguzi akaingia, mwalimu mkuu nyuma yake, kinu kingali ubaoni, akamnyooshea Mwamini fimbo. "Wewe. Saba mara mbili?"

Mwamini akakitazama kinu. "Kumi na tano, bwana."

"Kumi na nne, mjinga we," Isihaka akanong'ona nyuma yake, na darasa zima likacheka.

"Mwambie amekosea," mwalimu mkuu akamwambia mwalimu wa kinu.

Vidole vya yule mwalimu vikatulia. Akachuchumaa mbele ya Mwamini, aliyekuwa karibu kulia. "Saba uliitia kinuni?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi umepata."

Akajipangusa chaki kwenye kanzu, akatoka, akashika njia ya Mlandizi, na hakurudi tena.