Tulivyouvalia Upepo Paje

Mwezi wa saba uliopita nilikwenda Paje kwenye arusi ya mtoto wa binamu yangu. Asubuhi yake, kabla wapishi hawajaanza kukuna nazi, nikashuka pwani peke yangu. Nilikuwa nimevaa kama tuvaavyo sisi tuliokwisha kuzoea kukaa mjini, Kiembe Samaki: baibui jepesi na viatu vya wazi. Kusi, ule upepo wa miezi ya baridi, likanipiga, likapenya mpaka mifupani, na mimi mtu mzima nikajikunyata nyuma ya ukuta wa hoteli kama kifaranga. Nikacheka. Bibi yangu angeniona vile, kelele zake zingesikika Jambiani.

Najua, rafiki yangu, ukiambiwa baridi ya Unguja utatabasamu. Wageni huja huku kuikimbia baridi ya kwao. Lakini kasimame wewe kwenye maji ya mapaja asubuhi ya kipupwe, nguo zimerowa, upepo unatoka baharini bila cha kuuzuia, na mbele yako kuna kamba za mwani zinazongoja kufungwa. Kisha njoo tuzungumze.

Bibi, mama yake mama, ndiye aliyenilea, na alikuwa mkulima wa mwani. Siku za bamvua, maji yanapotoka asubuhi, alinisimamisha ukumbini akanivalisha huku chai ya tangawizi ikichemka na harufu ya muhogo ikitujia kutoka jikoni. Kwanza mwilini ilikuja jezi ya mpira, ile ya kitambaa kinachoteleza, kwa sababu haikai na maji. Juu yake shati la mikono mirefu. Kisha sweta la sufu la mtumba, limechakaa viwiko, na Bibi akisisitiza liwe la sufu kweli maana hilo hata likirowa halikutupi. Mwisho kabisa mfuko mkubwa wa nailoni alioutoboa matundu ya kichwa na mikono, wa kukinga upepo na marasharasha. Chini suruali, juu yake gauni, miguuni soksi nene ndani ya viatu vya plastiki. Kichwani ushungi uliofunika masikio.

"Usikaze," alikuwa akiniambia nikivuta kifungo. "Acha nafasi baina ya nguo na nguo. Joto nalo lataka pa kukaa."

Na tukifika kwenye kazi nzito, kuburura magunia yaliyojaa, alinivua sweta kabla sijatoka jasho, akalifutika chini ya nailoni yake lisirowe. Tukisimama tu kupumzika, alinivika tena. Pwani, chini ya mivinje, kilibaki kikapu cha ukili chenye nguo nyingine kavu za kurudia. Kikapu hicho hakuruhusu mtu akiguse.

Unaweza kufikiri tulionekanaje. Jirani yetu mmoja, mwanamke mcheshi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alitupokea kila siku kwa maneno yale yale: "Haya, gunia limekuja na kigunia chake!" Wanawake wote wakaangua kicheko. Mimi niliona haya, nikatamani kanga mbili kama wenzangu. Bibi alicheka pamoja nao, kisha akaniinamia: "Pwani hatuwavalii watu, mwanangu. Twauvalia upepo."

Mwaka mmoja aliolewa kwetu msichana wa mjini. Sote tulimwita Bi Harusi hata baada ya miezi. Alikuwa mwembamba, mpole, na alichoogopa zaidi ni kusemwa kwamba watu wa mjini hawawezi kazi. Basi alishuka pwani na gauni jepesi na kanga mpya, akafanya kazi bila kupumzika.

Asubuhi moja mvua ilitukuta katikati ya maji. Ilikuja ya ubavu, na kusi nyuma yake. Wanawake wakaanza kurudi, wakimwita, naye akawapungia mkono kwamba anamalizia kamba moja. Mimi na Bibi tulikuwa jirani naye. Ndipo nilipoona kwamba anafunga fundo moja hilo hilo, linafunguka, analifunga tena. Vidole havimtii.

"Bibi, mtazame Bi Harusi."

Bibi akainua kichwa. "Bi Harusi!"

"Naam." Sauti ilikuwa ya mtu aliyelewa usingizi. Akakaa, palepale, maji yakamfika kifuani. "Nshachoka, Bi Mkubwa. Nnataka kulala kidogo tu."

Bibi akaiachia kamba yake, mwani wa wiki nzima ukachukuliwa na maji, wala hakuutazama. "Hapalalwi hapa!" Akamshika kwapa moja, mimi nikashika jengine, tukamkokota. Nilipiga kelele mpaka koo likaniuma, na wa kwanza kurudi mbio majini alikuwa yule jirani mcheshi.

Tulipomfikisha chini ya mivinje, wanawake walitandaza kanga zao wakatuzungushia ukuta. Bi Harusi alikuwa hatetemeki tena, midomo imebadilika rangi. Bibi alimvua nguo zote zilizorowa, akakaa nyuma yake na kumkumbatia. Mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi. Akanitazama mimi, mtoto wa darasa la tano.

"Wewe wajua. Mvalishe."

Nikafungua kikapu. Nikamkausha kwanza, mpaka katikati ya vidole. Nikamvika jezi, kisha shati, sikukaza. Sweta la kurudia halikuwamo, maana tulikuwa na mawili tu na yote tumeyavaa. Bibi akalitoa lake chini ya nailoni, kavu, lina joto la mwili wake, akabaki na shati. Nikamvika. Nikamfunga ushungi masikioni, nikamvuta soksi, nikamzungushia kikoi, na nje ya vyote mfuko wa nailoni. Jirani mcheshi alimnywesha chai yetu ya kwenye chupa tone kwa tone, machozi yakimtoka, akisema, "Kunywa, mwanangu, kunywa."

Tukangoja. Mvua ikapita. Kisha Bi Harusi akaanza kutetemeka upya, kwa nguvu, meno yakigongana, na Bibi akasema, "Alhamdulillahi, mwili umerudi kazini." Baadaye kidogo akafumbua macho, akajitazama kuanzia kifuani mpaka miguuni.

"Nimekuwa mnene hivi tangu lini?"

Hujapata kusikia kicheko kama kile. Wengine walicheka huku wanalia. Bibi aliniwekea mkono kichwani, na mimi nikarudi nyumbani nimerowa chapachapa, natembea kama niliyeshinda kombe.

Bamvua iliyofuata pwani nzima ilifutuka kwa nguo kama sisi. Yule mcheshi alikuja na koti la mumewe lisilo kifungo hata kimoja, akasimama mbele ya Bibi. "Haya, nitengeneze." Bibi akamvua, akamvisha upya kuanzia mwanzo.

Bibi alifariki nikiwa nimeshahamia mjini. Nilipofika, ameshaoshwa. Bi Harusi, ambaye siku hizo alikuwa na watoto wakubwa, alitoka chumbani, akanishika mikono yote miwili. "Sanda nimemvisha mimi," akaniambia. "Taratibu."

Maji ya karibu siku hizi yamekuwa ya moto, mwani unaoza kabla ya kukua, na walioendelea nao wamekwenda kina kirefu zaidi. Pale tulipokuwa tukipanga vijiti vyetu vya kufungia kamba, vijana wanacheza na watalii, wakirushwa juu ya maji na matanga ya upepo. Ile mivinje imekatwa. Wale wanawake wengi wao wako makaburini, na sauti ile ya kutuita magunia sijaisikia tena kwa mtu yeyote. Lakini ofisini wakiniuliza kwetu wapi, hujinyoosha kwanza kitini. Halafu huwajibu kwamba nimelelewa Paje, na mwanamke wa mwani.